Daktari Aliyesemekana Kung'ata Watoto

Jirani yangu mshona nguo alinipa habari hiyo akiwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo nilimwomba arudie.

"Kamng'ata," alisema, akatema pini kiganjani. "Yule daktari wa watoto wa nyuma ya ghala la mbao. Dokta Kipaza. Kamng'ata mtoto wa watu mkononi, na alama za meno zilionekana."

"Daktari?"

"Daktari."

"Kamng'ata mtoto?"

"Kwani naongea lugha gani, mwenzangu? Kamng'ata! Mtoto kalia, mama kalia, foleni nzima ikasimama. Nimeambiwa na mtu aliyekuwepo."

"Nani huyo?"

Alifikiri kidogo. "Shemeji yake mtu aliyekuwepo."

Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nimekwenda kwake anipanulie gauni kwa mara ya pili. Alinizungusha, akavuta mshono, akaguna. "Na hili gauni limefika mwisho wa kitambaa. Ukiongezeka tena tunahamia kwenye mapazia."

Nilicheka naye, lakini nilirudi nyumbani na jambo moyoni, maana Dokta Kipaza alikuwa mmoja wa madaktari wawili niliokuwa nawafikiria. Mtaani kwetu hakuna anayechagua daktari wa mtoto kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto huzaliwa, hupata homa, akabebwa mbio hadi kwa yeyote ambaye mlango wake uko wazi. Mimi nilitaka kuchagua nikiwa bado nimetulia, na aliyenifanya nitake hivyo ni dada yangu.

Dada yangu ana binti. Alipokuwa na miezi mitano, binti huyo aliumwa. Walimpeleka kwa daktari, na shangazi yetu akafuatana nao, na aliyeongea ni shangazi. Daktari aliuliza mtoto amepoa hivi tangu lini. Shangazi akajibu, "Huyu ndivyo alivyo, mkimya tangu azaliwe." Dada alijua si kweli. Alijua mtoto alikuwa akipiga kelele na kucheka mpaka juzi yake, na alijua nepi ilikuwa kavu tangu asubuhi. Lakini shangazi ni mkubwa, daktari ana miwani, na dada, kama mimi, aliishia darasa la saba. Akanyamaza. Walirudi na chupa ya dawa ya maji. Kesho yake mtoto alilazwa, akakaa wodini siku kumi na moja na dripu. Leo ana miaka minne na kazi yake ni kuvunja vikombe, hatuna la kulalamika. Ila dada hajajisamehe. Na mimi najijua. Ningenyamaza vilevile. Mbele ya mtu mwenye kalamu mfukoni ulimi wangu hujikunja kama mkeka.

Kwa hiyo sikuwa natafuta daktari bingwa wala daktari mzuri wa sura. Nilitafuta daktari ambaye nitaweza kumwambia neno.

Mume wangu ni fundi rangi. Nilipomweleza alikuwa anajisugua rangi ya kijani kwenye nyusi. "Chagua wewe, mke wangu," alisema. "Mimi niko nyuma yako." Muda uleule mama yake akaingia, akauliza kinachochaguliwa ni nini, na mume wangu akakumbuka ameacha brashi kwenye maji. Kweli alikuwa nyuma yangu. Alikuwa nyuma ya nyumba.

Mama mkwe wangu amelea watoto saba, wote wazima, na hukwambia hivyo hata ukimuuliza ni saa ngapi. Daktari wake alikuwa tayari. "Twende kwa yule mpole," alisema. "Yule ni mtu. Anaongea kama amebeba yai."

Tulikwenda kwa huyo mpole Jumanne. Chumba chake kina pazia la maua na feni ndogo inayogeuka kushoto na kulia kama mtu anayekataa jambo. Alimsalimia mama mkwe kwa mikono miwili, akamuuliza habari za goti. Mimi alinitabasamia tumbo. Nilikuwa na swali moja, nimelifanyia mazoezi njia nzima: mtoto akiumwa, nitajuaje lipi la kusubiri na lipi la kukimbia?

"Dokta," nikaanza, "mtoto akium—"

"Usijali, mama."

"Nilikuwa nauliza, mtoto aki—"

"Usijali kabisa. Una bibi nyumbani, bibi anajua."

Mama mkwe akajiweka sawa kwenye kiti kama aliyevishwa nishani. Nilihesabu "usijali" sita. Kufikia ya sita nilikuwa najali mambo ambayo niliingia humo sijawahi hata kuyasikia. Tulipotoka nilikuwa na karatasi ya dawa ya maji ya tumbo la mtoto, "mkae nayo tu nyumbani," na huyo mtoto bado alikuwa ndani ya tumbo langu mimi.

"Umeona?" mama mkwe alisema tulipofika barabarani. "Hata sauti hakupaza."

"Nimeona, mama."

"Basi tumemaliza."

"Naomba tumwone na yule mwingine, mama."

Alisimama. "Anayeng'ata?" Habari ilikuwa imeshafika kwake.

"Twende tu tukaone meno."

Hakutaka kucheka lakini kicheko kilimtoka puani. Nilijua atakuja. Mama mkwe wangu hupenda kuhakikisha mambo kwa macho yake, hasa mambo mabaya.

Alhamisi tukaenda. Tulimsikia daktari kabla hatujaona paa la zahanati. "MTOTO MZIMA HUYU! MZIMA KABISA! MPELEKE NYUMBANI AKALALE!" Mwanamke mmoja alitoka ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyefukuzwa shule, na mtoto mgongoni anachezea sikio la mama yake kwa raha zake.

"Unasikia anavyofukuza watu?" mama mkwe alininong'oneza.

Nilikuwa nimesikia. Nilisikia sauti, na nilisikia na maneno. Maneno yalikuwa mazuri.

Mapokezi alikaa karani mwembamba mwenye daftari nene. Hakuinua macho. "Mtoto yuko wapi?"

"Huku," nikasema, nikashika tumbo.

Aliinua macho. "Jina lake?"

"Bado hana."

"Umri?"

"Hajazaliwa."

"Dada yangu, mimi siwezi kufungua kadi haina umri. Daktari akiona nafasi tupu hunirudishia, na akirudisha mnasikia mpaka sokoni."

Mama mkwe, ambaye hapendi kuona kazi imekwama, akasema, "Andika miezi saba." Karani akaandika miezi saba. Akatusogeza kwa nesi. Nesi naye aliona nafasi tupu ya uzito, akatazama mizani ya watoto, akanitazama mimi, akanipandisha kwenye ile ya wakubwa.

Foleni ilikuwa ndefu, na nesi alikuwa mtu wa maneno. Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, kama daktari ni mkali.

"Mkali?" Alicheka. "Yule hana ukali hata wa kumfukuzia nzi. Ni sauti tu. Mama yake alikuwa hasikii vizuri. Wamelelewa wanapiga kelele. Nyumbani kwao kuomba chumvi ilikuwa kama kutangaza moto. Halafu kaanza kazi akiwa mfagiaji wa wodi ya watoto, vitanda arobaini, wote wanalia. Akasoma, akawa nesi kama mimi. Akasoma tena. Kapata udaktari na mvi kichwani, na bado anaongea kama yuko upande wa pili wa ile wodi. Mkewe kamwekea sharti: nyumbani simu anaongelea uani."

"Na watoto wake?"

"Wakubwa, wako mbali. Hapa mtaani watoto humkimbia. Juzi kaingia dukani kununua mkate, mtoto wa muuza duka kajificha nyuma ya gunia la sukari mpaka kaondoka. Yeye hutania tu, husema ndiye mtu pekee anayehudumiwa haraka dukani."

Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa hauzibi vizuri. Kutoka pale nilipokaa niliona kipande cha ndani, nikatazama. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Yeye alikuwa na soksi, amepiga magoti sakafuni mbele ya mwanamke aliyempakata mtoto mchanga. Alikuwa ameweka kile chuma cha kusikilizia kifua kwapani mwake, kwanza kipate joto. Kisha akakitoa, akasogea karibu kabisa na mtoto, na jitu lile likasema kwa sauti ndogo sana, "Samahani. Nakuomba kifua chako kidogo. Nitarudisha." Mtoto akamtazama kwa mdomo wazi. Halafu daktari akainua uso kwa mama mtu: "ANANYONYA VIZURI?" Mama akaruka, mtoto akaruka, na mimi nje nikaruka.

Zamu yetu ilipofika, daktari alikuwa anasoma kadi. Nilimwona anasoma, anasimama, anasoma tena.

"MIEZI SABA," alisema. "KILO SABINI NA MOJA!" Alitazama nyuma yetu, mlangoni. "YUKO WAPI HUYU MTOTO? AMEKUJA NA LORI?"

"Ni mimi," nikasema.

"WEWE UNA MIEZI SABA?"

"Mimba, dokta."

Alikaa. Kigoda chake ni kifupi, hakinifikii goti, na alipokaa mwili wake ulicheka kabla ya mdomo. Alicheka mpaka akavua miwani. Nyuma ya ukuta nikasikia karani akikohoa kwa aibu.

"Bibi," alimwambia mama mkwe alipotulia, "KARIBU SANA. KITI CHAKO KILE PALE."

Kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote humo ndani, kina mto na mahali pa kuegemeza mikono, kimewekwa kando ya mlango. Mama mkwe akakaa kwa heshima zote. Ndipo daktari akamweleza sheria. Aliyekaa kwenye kiti kile hasemi mpaka mwisho, na ikifika zamu yake ni mwisho kweli, ataongea na hakuna atakayemkatiza, hata yeye daktari. "KWANZA MAMA WA MTOTO. YEYE NDIYE ANAYELALA NAYE."

"Mimi nimelea saba," mama mkwe alisema.

"NITATAKA KUSIKIA WOTE SABA. MWISHO."

Akanigeukia. Nilikuwa na lile swali langu, safi, limepigwa pasi. Nikafungua mdomo, na mkeka ukaanza kujikunja. Nikaiona kalamu yake, imefungwa kwenye meza kwa kipande cha bandeji ili isiibwe. Nikaona soksi zake, moja ya bluu, nyingine nyeusi. Nikaona kidole chake cha shahada, kina kovu la nusu mwezi. Basi likatoka hilo ambalo sikulifanyia mazoezi.

"Dokta, ni kweli unang'ata watoto?"

Kule kwenye kiti mama mkwe alivuta pumzi, nadhani hakuitoa mpaka jioni.

Daktari alirudisha miwani usoni. Akageuza kichwa mlangoni. "SISTA! MIMI NANG'ATA WATOTO?"

"Bado, dokta," nesi akajibu kutoka nje.

"BADO," akaniambia, kana kwamba majibu ya maabara yamerudi. Kisha akaninyooshea kile kidole. "Huyu hapa ndiye aliyeng'atwa. Binti wa miaka mitatu. Nilikuwa namtazama koo, akanibana kidole kwa meno. Nikapiga kelele, na kelele zangu umezisikia. Nikamwambia, jing'ate na wewe uone inavyouma. Sikujua ni mtiifu! Akajing'ata mkono, akalia, akatoka nje anaonyesha watu meno. NINGEELEZA NINI, MAMA? KILA NILIPOELEZA WALISEMA NAWAFOKEA."

Nilicheka. Sikuwahi kucheka mbele ya daktari. Na kicheko kilipotoka, lile swali likafuata lenyewe. Nikalisema lote, lipi la kusubiri na lipi la kukimbia, na hakuna aliyelikata katikati.

Alijibu polepole, akihesabu kwa vidole, na kile cha kovu kikiwa cha kwanza. Mtoto mchanga akikataa kunyonya, kimbia. Akiwa wa moto, au wa baridi isivyo kawaida, kimbia. Akipumua mbio, au mbavu zinabonyea ndani anapovuta hewa, kimbia. Ukimwamsha haamki vizuri, akishtuka-shtuka mwili mzima, nepi ikikaa kavu, kimbia, usiulize mtu ruhusa. "NA UKIONA TU SI YEYE," alisema. "HATA HUJUI NINI. SI YEYE, BASI. HAPO MIMI SINA KIPIMO. KIPIMO NI WEWE."

Nikamfikiria dada yangu.

"Sasa niambie," alisema. "Mtoto wako huyu. Ana tabia gani?"

"Hajazaliwa, dokta."

"SIKUULIZA KAMA KAZALIWA."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo, hata mume wangu. Nikamwambia. Nikasema anapata kwikwi kila asubuhi nikiinama kufua, nami huzihesabu mpaka ishirini na kitu. Nikasema akisikia mashine ya mshona nguo hutulia kama mtu anayesikiliza redio, na ikisimama hupiga teke. Nikasema analala upande wa kulia na hapendi niegemee huko.

"Khm," mama mkwe akakohoa kwenye kiti.

"Nikinywa maji ya baridi huamka."

"Khm! Khm!"

"BIBI, NI KIFUA?"

"Si kifua," mama mkwe akasema, macho juu. "Ni maneno."

"YATUNZE. YANAKUJA."

Aliandika yote niliyosema. Kwenye kadi, pale karani alipoacha nafasi ya maelezo, kwa herufi kubwa kama sauti yake, niliona ameandika: kwikwi asubuhi, anapenda cherehani. Mimi, wa darasa la saba, nilikuwa nimesema kitu na daktari akakiandika.

Kisha akakigeuza kigoda, akamkabili mama mkwe, akaweka mikono magotini. "BIBI. ZAMU YAKO."

Mama mkwe aliongea. Alianza na mtoto wa kwanza, aliyezaliwa mvua inanyesha, akaenda wa pili, wa tatu. Alieleza surua, alieleza mafua, alieleza yule aliyemeza kifungo na jinsi kifungo kilivyorudi na bado kiko kwenye shati. Daktari hakumkatiza. Aliuliza mara moja tu kifungo kilikuwa na matundu mangapi. Mume wangu, mtoto wa tano, nikagundua siku hiyo, alikojoa kitandani mpaka darasa la pili. Nikaliweka hilo akiba.

Alipomaliza wote saba hakutaka kunyamaza, kwa sababu kunyamaza maana yake kiti kimekwisha. "Na sasa, dokta, hili goti langu."

"BIBI, MIMI NI WA WATOTO."

"Kwani mimi si mtoto wa mtu?"

Daktari alinitazama. Nikainua mabega. Akashuka kigodani, akapiga magoti, magoti yake mwenyewe yakalia kama kuni kavu, akalibonyeza goti la mama mkwe wangu huku na huku. Akamwandikia jina la daktari wa mifupa. Mama mkwe alikunja kile kikaratasi, akakitia kifuani anapoweka vitu vya maana.

"Anapiga kelele huyu," aliniambia tulipokuwa tunainuka, na hakusema taratibu, kwa kuwa alishaona humo ndani hakuna anayeongea taratibu. "Yule mwingine miaka yote ananiuliza habari za goti. Hajawahi kuligusa." Akatoka kwenda kumwonyesha nesi kile kikaratasi.

Nilibaki mlangoni. Mkono wangu ulikuwa juu ya tumbo, upande wa kulia. Nilijua nimeamua, ila sikujua kama kuna namna ya kumwambia daktari jambo kama hilo, kama mtu anavyomwambia fundi, chukua kazi. Nikasema tu.

"Dokta, nimekuchagua wewe."

Alikuwa anavaa kiatu kwenda kumwita anayefuata. Akabaki na mguu mmoja ndani ya kiatu. "Kunichagua kufanya nini?"

"Kuwa daktari wake. Nitakuja mwenyewe, na nitasema mwenyewe."

Alitazama kile kiatu. Foleni nzima ilikuwa imegeuka inatutazama, akina mama na watoto wao wa moto, na mtoto mmoja mkubwa kidogo alikuwa tayari ameshika sketi ya mama yake kwa mikono miwili, macho kwa daktari.

"Hakuna aliyewahi kunichagua," alisema. "Watu huletwa kwangu na homa." Akavuta kiatu, kikagoma, akakiacha. "Basi, mama, nina ombi. Watoto wote hapa mimi nimewajua wakiwa wanaumwa, na wao wamenijua na sindano mkononi. Sijui mmoja wao alivyo akiwa na raha zake. Huyu wako, AKIZALIWA, MLETE SIKU AMBAYO HAUMWI KITU. SIPIMI, SICHOMI, SIANDIKI DAWA. Umpakate hapo, nikae naye tu, uniambie analiaje akiwa na njaa na anamcheka nani, ili siku ukinijia mbio unasema si yeye, niwe namjua unayemsema."